Kitabu changu ni cha SAT ya zamani na mtihani umebadilika sura. Je, nianze upya?

Hujambo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Manyatta hapa Kisumu pamoja na mama na wadogo zangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 2024 na nikapata A-. Nia yangu ni kusomea uhandisi Marekani nikipata ufadhili, na tayari nimejiandikisha kufanya SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, mwezi wa Oktoba.

Kitabu cha mazoezi nilipewa na jirani aliyeondoka kwenda kusoma ng'ambo kabla ya korona. Ni kikubwa, kina mitihani kamili ndani yake, na tangu mwanzo wa mwaka nimekifanya chote. Mama akishaenda Kibuye kuuza mitumba, mimi hubaki mezani na kitabu na saa. Vile vifungu virefu vya kusoma nimevizoea kabisa. Nasoma ukurasa mzima, napiga mistari chini ya mambo muhimu, kisha najibu maswali yote kumi kwa mfululizo. Hesabu nafanya jinsi tulivyofundishwa shuleni, hatua kwa hatua. Alama zilikuwa zinapanda, na mtihani wa mwisho kitabuni nilipata 1340.

Mwezi uliopita binamu yangu anayesoma Maseno alikuja na laptopu yake akaniwekea Bluebook, ile programu ambayo mtihani hufanyiwa ndani yake siku hizi. Nikafanya jaribio moja. Mwalimu, sikuutambua mtihani ule. Hakuna kifungu kirefu hata kimoja! Kila swali lina aya yake fupi. Unasoma habari za nyuki, swali linalofuata ni shairi, linalofuata ni mambo ya mahakama, mwishoni unakuta maelezo ya mwanafunzi yaliyopangwa kwa nukta nukta. Kila aya nilikuwa naisoma mara mbili. Moduli ya kwanza ya kusoma, yaani kipande cha mtihani chenye muda wake, ilijifunga nikiwa nimebakisha maswali sita. Kwenye hesabu niliandika njia yote daftarini, nikachelewa tena. Kikokotoo cha grafu kilichokuwa pale kwenye skrini sikukigusa kwa sababu sijui kukitumia, na kitabu changu kina sehemu nzima ambayo vikokotoo vimekatazwa. Nilipata 1190.

Mjomba anasema niachane na hayo mambo, eti vyuo vya Marekani havihitaji SAT tena, nichukue nafasi niliyopewa na KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi katika vyuo vya hapa Kenya. Mama hasemi kitu, lakini pesa za mtihani yeye ndiye aliyezilipa na naona anavyoniangalia. Laptopu si yangu. Binamu huja nayo wikendi tu, na betri yake haimalizi saa moja. Siku nyingine zote nina simu na hicho kitabu.

Nikitupe kitabu? Niahirishe mtihani? Na nitajizoezaje mtihani wa kompyuta bila kompyuta?

Binti wa Manyatta,
Kisumu

*

Binti yangu,

Kitabu usikitupe, na mtihani usiuahirishe kwanza. Tofauti ya alama 150 kati ya kitabu na laptopu haina maana kwamba umesahau ulichosoma. Koma unazijua, mlinganyo unajua kuutatua, Kiingereza chako kimekusaidia kupata A-. Kilichokuangusha ni mazoea. Umejizoeza kwa miezi mingi namna moja ya kukaa na swali, na mtihani wa sasa unataka namna nyingine. Wiki zilizobaki zinatosha kubadilisha mazoea, mradi usizitumie kurudia yale yale.

Tuanze na kilichobadilika, kwa sababu naona umeshtuka kuliko inavyostahili. SAT ya kitabu chako ilikuwa ya karatasi, yenye maswali 154 kwa saa tatu. Kwa watahiniwa walio nje ya Marekani ilihamia kwenye kompyuta Machi 2023, na huko Marekani kwenyewe Machi 2024. Ya sasa ina maswali 98 kwa saa mbili na dakika 14. Kusoma na kuandika, ambako zamani kulikuwa sehemu mbili, sasa ni sehemu moja yenye moduli mbili, kila moduli maswali 27 kwa dakika 32. Hesabu pia ina moduli mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Katikati kuna mapumziko ya dakika 10. Alama ni zile zile, kuanzia 400 hadi 1600.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Kwenye karatasi, kusoma na kuandika kwa pamoja kulikuwa maswali 96 kwa dakika 100, yaani kama sekunde 62 kwa swali. Leo una dakika 64 kwa maswali 54, yaani sekunde 71. Muda umeongezeka. Umeishiwa na muda katika mtihani unaokupa muda mwingi zaidi, na hilo ndilo linaloniambia tatizo liko wapi.

Kwenye kifungu kirefu ulikuwa unalipa gharama ya kusoma mara moja, halafu unaitumia kwa maswali kumi. Kupiga mistari kulikuwa na faida kwa sababu ungerudi palepale tena na tena. Kwenye mtihani mpya aya ina maneno 25 hadi 150, na inaulizwa swali moja tu. Ukiisoma mara mbili ndipo uliangalie swali, kisha ukairudia kutafuta jibu, umeisoma mara tatu kwa ajili ya swali moja. Fanya hivyo mara 27 uone kama dakika 32 zitakutosha.

Kwa hiyo anza na swali. Kabla ya kugusa aya, soma lile linaloulizwa, ujue unatafuta nini: maana ya neno, wazo kuu, ushahidi unaounga mkono dai fulani, au alama ya uakifishaji. Ndipo uisome aya mara moja, polepole, ukiwa na shabaha. Najua shuleni mlikuwa mnaambiwa msome ufahamu wote kwanza ndipo mwende kwenye maswali. Kwa ufahamu wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ushauri huo ni mzuri. Hapa utakuchelewesha.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu chako hakiwezi kukuambia. Umeona mada zinarukaruka, nyuki, shairi, mahakama, ukadhani hakuna mpangilio. Upo. Mada ndizo zinazoruka, lakini aina za maswali huja kwa makundi, na kwa utaratibu ule ule kila moduli. Kundi la kwanza ni la maneno na muundo: neno gani linafaa kwenye pengo, sentensi hii ina kazi gani katika aya, waandishi hawa wawili wangeambiana nini. La pili ni la habari na mawazo: wazo kuu, ushahidi, jedwali au grafu, hitimisho. La tatu ni sarufi na uakifishaji. La nne na la mwisho ni viunganishi, pamoja na yale maelezo ya nukta nukta. Ndani ya makundi hayo maswali huanzia mepesi kwenda magumu. Ukishalijua hili, hutashtushwa na shairi kufuata nyuki. Utakuwa unajua upo kundi gani na unaulizwa nini, hata kabla ya kujua habari inahusu nini.

Na sasa tazama yale maswali sita yaliyobaki moduli ilipojifunga. Yalikuwa ya mwisho, kwa hiyo yalikuwa ya kundi la nne, viunganishi na nukta nukta. Hayo ni miongoni mwa maswali ya haraka kabisa katika moduli nzima! Ulikuwa umekwama juu huko, pengine kwenye maswali mawili au matatu magumu ya kundi la pili, ukaacha yale ya kuokota.

Acha nikuonyeshe moja. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, lakini umbo lake ni hili. Unapewa nukta kama nne: kwamba sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, kwamba ngege ni samaki wa asili wa ziwa hilo, kwamba wote wawili huliwa, kwamba sangara hukua kuwa mkubwa sana. Kisha swali linasema: mwanafunzi anataka kuonyesha tofauti ya asili ya samaki hawa wawili, ni sentensi gani inayotimiza lengo hilo? Lililo muhimu ni lile lengo. Sentensi inayosema wote huliwa ni ya kweli, ila haionyeshi tofauti. Inayotaja ukubwa wa sangara nayo ni kweli, ila haigusi asili. Inayosema ngege ni wa ziwa hili tangu jadi ilhali sangara aliletwa, hiyo ndiyo jibu. Mara nyingi unaweza kusoma lengo, ukapita kwenye machaguo manne, ukapata jibu, halafu ukatupia jicho nukta kuhakikisha tu. Mwenye mazoea ya kifungu kirefu anazisoma nukta zote kwa makini, anazipigia mistari, na sekunde arobaini zimekwenda.

Ndani ya moduli una uhuru wa kwenda mbele na kurudi. Kuna kitufe cha kuweka alama kwenye swali ili ulirudie, na kingine cha kukata machaguo uliyoyakataa. Kwa hiyo swali likikukalia vibaya, chagua unalodhani, liwekee alama, songa. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu lililokosewa, kama ilivyokuwa KCPE yako ya darasa la nane, basi usiache hata swali moja tupu. Ila moduli ikishafungwa, hurudi tena.

Na moduli ya kwanza ina uzito wake. Mtihani huu hujirekebisha kulingana na mtahiniwa: ukifanya vizuri moduli ya kwanza, ya pili huja ngumu zaidi na nafasi ya alama za juu inabaki wazi, ukifanya vibaya, ya pili huja nyepesi na alama ya juu unayoweza kufikia inashuka. Maswali sita matupu katika moduli ya kwanza huenda yalikugharimu pia pale pasipoonekana. Lakini ukiwa ndani ya chumba usianze kukisia kama moduli ya pili ni nyepesi au ngumu. Watoto wengi hupotezea akili zao hapo. Isitoshe, kila moduli ina maswali mawili ya majaribio yasiyohesabiwa, na huwezi kuyatambua. Ukikutana na swali la ajabu, huenda ni mojawapo. Lijibu, liache.

Tuje kwenye hesabu, ambako kosa lako nalielewa kabisa kwa sababu ni matokeo ya kufundishwa vizuri. Kwenye KCSE mtahini anatafuta njia. Ukionyesha hatua unapata alama hata jibu la mwisho likiteleza, na usipoonyesha unajinyima. Kwenye SAT hakuna anayeiona karatasi yako. Utapewa karatasi ya kuchorachora, lakini kompyuta inataka jibu peke yake. Andika kile tu kinachokusaidia usipotee.

Na ile sehemu isiyoruhusu kikokotoo iliondoka pamoja na karatasi. Sasa kikokotoo kinaruhusiwa hesabu nzima, na kile cha grafu kilicho ndani ya Bluebook ni cha Desmos. Kipo pia bure mtandaoni, na kina programu ya simu. Hili ndilo la kwanza utakalofanya leo jioni kwenye simu yako. Andika mstari wa kwanza y = x² − 4x + 7, na wa pili y = 2x − 1. Shuleni ungezilinganisha, ukahamisha, ukapata x² − 6x + 8 = 0, ukatafuta vipengele, ukafikia x = 2 na x = 4, kisha ukarudisha kutafuta y. Kwenye Desmos mkunjo na mstari vinakatana mbele ya macho yako. Gusa makutano yatakuambia (2, 3) na (4, 7). Kama swali lilikuwa ni sehemu ngapi zinakatana, umemaliza kwa kutazama.

Lakini usiwe mtumwa wake. Swali likisema 3x + 7 = 19, tafuta 6x + 14, hakuna haja ya grafu wala ya kutafuta x. Kilichoulizwa ni mara mbili ya kilichopo, jibu ni 38. Zile kurasa za kitabu chako zilizokatazwa kikokotoo ndizo shule yako sasa. Kila swali lifanye mara mbili, kwa mkono na kwa Desmos, na pembeni uandike herufi moja: M kama mkono ulikuwa wa haraka, D kama Desmos ilishinda. Ukifika maswali hamsini utaanza kuona ni maswali ya sura gani yanastahili nini, na hilo hakuna mwalimu anayeweza kukuwekea kichwani. Utalipata kwa vidole vyako mwenyewe.

Kuna mtego mdogo hapa ambao nimeona haja ya kuutaja kwa sababu sisi huku hupenda kuandika namba mseto. Karibu robo ya maswali ya hesabu hayana machaguo. Unaandika jibu mwenyewe. Ukipata tatu na nusu, andika 7/2 au 3.5. Ukiandika 3 1/2, kompyuta itasoma 31/2, na umekosa swali ulilolijua.

Sasa kitabu. Kifanye kama gauni la mtumba ambalo mama amelipata likiwa na kitambaa kizuri na mshono uliopitwa na wakati. Kikate upya. Chukua kifungu kirefu, kifunike chote kwa karatasi, uache aya moja wazi. Jiulize swali moja tu juu yake: wazo kuu ni lipi, au sentensi ya pili inafanya kazi gani, au neno fulani limetumika kwa maana ipi. Jibu kwa sentensi moja kwa maneno yako, kisha ruka uende kifungu kingine kabisa. Kutoka sayansi nenda kwenye hadithi, kutoka hadithi nenda kwenye historia. Unazoeza akili kuingia na kutoka haraka, jambo ambalo kitabu kama kilivyopangwa kilikuwa kinakuzuia. Yale maswali yaliyokuwa yanakutaka utaje mistari yenye ushahidi wa jibu lililotangulia, yaruke, hayapo tena. Sehemu ya sarufi bado ni dhahabu. Semikoloni haijabadilika, wala upatanisho wa kitendo na mtendaji. Fanya sentensi moja moja, na usijisumbue na aya nzima inayoizunguka.

Kwa yale mapya ambayo kitabu hakina, kama nukta nukta na waandishi wawili wanaopingana, College Board wenyewe, watungaji wa SAT, wana benki ya maswali mtandaoni, bure, unayoweza kuchagua kwa aina na kwa ugumu. Khan Academy, tovuti ya masomo, nao wana mazoezi ya bure ya mtihani huu mpya, na yanafunguka kwenye simu. Ukipata bando, shusha maswali ya benki mara moja, au nenda saiba uchapishe kurasa chache za aina inayokusumbua. Utaona pia mitihani kamili ya kuchapisha kwenye tovuti yao. Hiyo ni mirefu kuliko ule utakaoufanya, kwa sababu karatasi haiwezi kujirekebisha. Itumie kwa maswali, usiitumie kupima kasi.

Bluebook yenyewe haifunguki kwenye simu, kwa hiyo laptopu ya binamu ni mali ya kutumia kwa hesabu. Majaribio kamili yaliyomo ni machache, na ukiyamaliza kwa pupa hutakuwa na kipimo tena. Jaribio moja kila baada ya wikendi mbili linakutosha. Lifanye Jumamosi asubuhi, saa ile ile utakayofanyia mtihani, bila simu karibu, na wadogo zako wakiwa wameombwa mapema wakuachie chumba. Wikendi ya katikati tumia laptopu kwa mazoezi ya Khan Academy au ya benki, ili macho yako yazoee mpangilio wa skrini. Aya inakaa kushoto, swali liko kulia, na saa iko juu. Saa hiyo unaweza kuificha ikikutia kiwewe. Itajitokeza yenyewe zikibaki dakika tano. Siku za wiki, kama nyumbani kuna kelele, beba kitabu na simu uende maktaba ya taifa, tawi la Kisumu.

Betri ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hata alama zako. Siku ya mtihani unatakiwa uje na kifaa chako, Windows au Mac au iPad, chenye chaji ya kukaa saa tatu au nne. Chaja utabeba, lakini soketi huwezi kuhesabia. Zungumza na binamu sasa hivi, si wiki ya mwisho. Ama betri ibadilishwe, ama mtafute mtu wa kukuazima laptopu nyingine, na hiyo utakayoenda nayo ndiyo ufanyie jaribio lako la mwisho. Siku chache kabla ya mtihani, kati ya moja na tano, utafungua Bluebook ufanye matayarisho na upate tiketi ya kuingilia. Intaneti unaihitaji wakati wa kuanza na wa kutuma majibu. Ikikatika katikati, endelea kujibu, kazi yako inahifadhiwa.

Kama kituo chako kiko Nairobi, usipande basi la usiku ukashuka alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani. Ni kilomita kama 350 kutoka Kisumu. Fika Ijumaa, ulale.

Mjomba wako hajakosea kabisa. Baada ya korona vyuo vingi viliacha kuilazimisha SAT, na vingi hadi leo havilazimishi. Lakini MIT walirudisha sharti hilo 2022, na Dartmouth na Harvard wakafuata 2024. Wewe unataka uhandisi na unataka ufadhili, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo kwenye orodha yako, kimoja kimoja, kisha keti na mjomba umwonyeshe. Kuhusu nafasi ya KUCCPS, kuna jambo la kuuliza kabla ya kuripoti: vyuo vingi vya Marekani humhesabu mtu aliyekwisha kuanza shahada kwingine kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili wa wanaohamia mara nyingi ni mdogo. Wahusika wa EducationUSA, huduma ya ushauri ya serikali ya Marekani yenye kituo Nairobi, hujibu maswali kama hayo bila malipo. Waandikie wiki hii.

Na mama, mwambie. Anayaona hayo yote na hana anayemweleza. Mwambie alama zilishuka, mwambie sababu, mwonyeshe ratiba yako ya wikendi. Aliyelipa ana haki ya kujua mpango.

Kuhusu kuahirisha, tuamue baada ya majaribio mawili zaidi. Ukiwa unamaliza moduli zote na alama zinapanda, nenda Oktoba. Ukiwa bado unaacha maswali matupu, sogeza mbele, lakini angalia mapema tarehe ya mwisho ya kubadilisha na ada yake, ili mama asilipe zaidi kwa sababu ya kuchelewa.

Jumamosi hii binamu akija, msifungue jaribio jipya. Fungueni lile la 1190, sehemu ya matokeo, uone kila swali ulilokosa pamoja na maelezo yake. Chora safu nne kwenye daftari: sikujua, nilisoma vibaya, nilijua ila nilichelewa, sikufika. Kila kosa liweke mahali pake bila kujihurumia. Kisha niandikie safu ipi imekuwa ndefu kuliko zote, na nikuandalie mazoezi ya safu hiyo.

Mwalimu